Je, Bei Iliyofichwa Ni Uongo?

Mjini Orlando, katika nchi ya Marekani, mna bustani kubwa za michezo. Jamaa nyingi huweka akiba mwaka mzima ili wawapeleke watoto huko. Hoteli nyingi zilikuwa zikitangaza bei ndogo ya chumba, kisha mwishoni huongeza ada asiyoweza mgeni kuikataa. Basi baba huhesabu upya, na siku nne huwa tatu. Mwenye hoteli hujitetea: "Niliandika yote." Kweli, lakini kwa herufi ndogo, mahali macho yasipofika upesi. Mimi nasema amedanganya. Tangu tarehe 12 Mei 2025 kanuni ya serikali yao yawalazimu kutaja jumla tangu mwanzo. Ada yenyewe haikukatazwa. Na mtoto aliyekwisha kuahidiwa siku nne, nani atamrudishia ile ya nne?