Parodi na Uhuru wa Mickey Mouse: Swali la Wajibu

Tarehe 1 Januari 2024, filamu fupi ya katuni Steamboat Willie, iliyotolewa na Walt Disney na Ub Iwerks mwaka 1928, iliingia katika miliki ya umma nchini Marekani. Siku hiyo ilikuwa imecheleweshwa mara mbili: sheria ya mwaka 1976 ilirefusha ulinzi wa kazi kama hiyo hadi miaka 75, na ile ya 1998 ikaufikisha miaka 95. Sasa yeyote nchini humo anaweza kumwiga na kumdhihaki Mickey Mouse wa filamu hiyo bila kuomba ruhusa. Swali letu, hata hivyo, si la kisheria bali la kimaadili: je, anayepewa uhuru wa kudhihaki kazi ya mwingine ana wajibu wowote kwa kazi hiyo?

Kwa parodi tunamaanisha kazi inayoiga kazi nyingine kwa namna ya kuigeuza, ili kusema jambo juu yake. Sehemu ya pili ya fasili hii ndiyo nzito. Katika malumbano ya kishairi, mathalani, mjibuji mara nyingi hufuata bahari na vina vya mpinzani wake. Hawezi kumshinda asipomsikiliza kwanza.

Tuzingatie mifano miwili. Mwaka 1971, kundi la wachoraji wa San Francisco, wakiongozwa na Dan O'Neill, walichapisha vitabu vya katuni vilivyomwonyesha Mickey akijihusisha na ngono na dawa za kulevya. Kampuni ya Disney iliwashtaki, na mwaka 1978 mahakama ya rufani ikaamua kwamba walikuwa wamenakili kupita kiasi ambacho parodi inahitaji. Walishindwa, lakini hoja yao ilieleweka: walikuwa wakiushambulia usafi wa kimaadili ambao kampuni hiyo ilikuwa imeufanya bidhaa.

Mfano wa pili ni wa mwaka 2024. Siku ile ile hakimiliki ilipokoma, kilitolewa kionjo cha filamu ya kutisha, The Mouse Trap, ambamo muuaji huvaa barakoa ya Mickey. Kinachotarajiwa kumshtua mtazamaji ni kwamba kiumbe asiye na hatia amegeuka katili. Lakini je, Mickey wa 1928 hana hatia? Katika Steamboat Willie humzungusha paka kwa kumshika mkia, huvuta mikia ya vitoto vya nguruwe ili walie kwa mapigo ya wimbo, na hugonga meno ya ng'ombe kama ala ya muziki. Mickey mpole tunayemfahamu aliundwa baadaye, na kazi nyingi zilizomuunda bado zina hakimiliki. Ukatili ambao mtungaji wa leo hudhani anauleta ulikuwamo tangu mwanzo, tena ukichekesha, jambo ambalo ni la kutisha zaidi ya kisu chochote.

Pengine msomaji atapinga kwamba parodi yaweza kulenga sifa ya mhusika katika jamii, si matini yake ya kwanza. Twakubali. Ndivyo walivyofanya wachoraji wa 1971. Ila hapa pana kipimo chepesi: tuiondoe barakoa hiyo na kuvalisha nyingine. Kama kazi itapoteza hoja yake, hiyo ni parodi. Kama itapoteza wateja tu, basi jina la mhusika limetumiwa kama kibandiko cha duka.

Haifuati kwamba sheria iwazuie wenye kazi duni. Hakimu hafai kuwa mwamuzi wa ladha, na miliki ya umma inayowafaa wenye vipawa peke yao si ya umma. Disney mwenyewe alichota katika hazina hiyo: filamu yake ya Snow White ya mwaka 1937 ilitokana na hadithi iliyokusanywa na ndugu wa Grimm. Lakini kuruhusiwa si sawa na kustahili. Sheria humwondolea mtunzi deni la fedha na la ruhusa. Deni la kuisoma kazi kabla ya kuicheka haina uwezo wa kulifuta, na kulidai deni hilo ni kazi ya mhakiki.