Mwanagenzi na Deni la Ufundi



Katika gereji na karakana za Thika na Ruiru, miji yenye viwanda vya nguo, chuma, maziwa na matunda, vijana wengi huingia kujifunza ufundi. Hupewa ujira mdogo, nao huridhika, kwani watarajia elimu. Lakini wako wanaomaliza miaka wakiosha vyuma kwa dizeli na kumpokeza fundi spana; na injini inapofunguliwa, hutumwa chai. Je, fundi huyo amedhulumu?

Yeye hujitetea: “Nikimfundisha yote, kesho atafungua gereji mkabala na yangu.” Hoja hii si ya kupuuzwa, naye ana watoto wa kulisha. Wala hatusemi kwamba fundi alazimika kumfundisha kila apitaye njiani. Lakini na tuulize: kwa nini kijana alikubali ujira usiolingana na kazi yake? Ile sehemu iliyopunguzwa ndiyo aliyonunulia elimu. Basi amnyimaye elimu hiyo amemnyima ujira, na kuzuia ujira ni dhuluma, hata mzuiaji akiwa ni mtu wa safu ya kwanza msikitini.

Sheria ya Kenya ya Mafunzo ya Viwandani, sura ya 237, yakubaliana na haya: mkataba wa uanagenzi humfunga mwajiri kufundisha, kama umfungavyo kijana kutumika. Tena mwajiri hutozwa shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, kwa ajili ya mafunzo. Asidhani kuwa kwa kulipa ushuru huo amelipa na deni la kijana aliye mbele yake.

Imam Ghazali alizihesabu kazi ambazo watu hawana budi nazo, kama ukulima na ufumaji, kuwa ni fardhi kifaya. Waislamu wa Pwani walikuwa na chuo chao cha ufundi Mombasa, MIOME, kilichopokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1951. Fardhi hiyo haisimami ikiwa kila fundi atazikwa na ujuzi wake.

Basi tufanyeje? Katika Sura ya Al-Baqara Mwenyezi Mungu ametuamrisha kuliandika deni la muda. Na ufundi aliokwisha kuulipia kijana ni deni. Liandikwe mbele ya mashahidi: miaka, ujira, mambo ya kufundishwa, na wakati wa kumpeleka kijana kwenye mtihani wa ufundi wa serikali. Na fundi anayeogopa kushindaniwa, aseme siku ya kwanza, kabla hajaichukua miaka ya mtu.

Wabillahi tawfiq.