Nilibebwa Bagamoyo



Leo naomba nikiri jambo. Ile hija yetu ya Bagamoyo ambayo picha zake mmeziona, mimi niliiona nusu tu. Nusu nyingine ilikwenda na homa.

Tulitoka Mvumi alfajiri, tukapita Kilosa, Morogoro, Chalinze hadi Msata. Baridi ilianza kunitambaa mgongoni kabla hata ya Morogoro. Nikanyamaza. Unajua kwa nini? Kwenye kikao, mimi mwenyewe ndiye niliyesema asiyejisikia vizuri abaki nyumbani asitucheleweshe. Sasa ningeanzia wapi?

Misheni tukaoneshwa msalaba wa ufukweni, unaokumbusha wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu waliovuka kutoka Zanzibar mwaka 1868. Walikomboa watumwa, wakawajengea kijiji. Njia ya misafara iliyoishia pale ilipita kwetu Usagara, jamani. Nikawaza: mtu aliyeshikwa na homa akiwa kwenye mnyororo, alimwambia nani?

Kwenye mnara wa kanisa la zamani nilikuwa naona mawili mawili. Pale uliwekwa mwili wa Livingstone, Februari 1874. Alifariki Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo, na Chuma, Susi na wenzao wakambeba mpaka pwani. Miezi tisa!

Nilianguka makaburini kwa wamisionari. Wengi waliolala pale walikufa vijana, na homa ndiyo iliyowamaliza wengi wao. Nilishika ukingo wa kaburi moja, magoti yakakataa.

Aliyeinama mbele yangu ni kaka mmoja ambaye tangu uchaguzi wa viongozi wa vijana nilikuwa simsalimii. Yaani hata ile amani ya kwenye Misa nilikuwa namruka. Akasema neno moja tu, “Panda.” Nikasema naweza kutembea. Akasema tena, “Panda, ndugu yangu.” Nikapanda mgongoni, kijana mzima, huku watu wanatazama.

Zahanati wakapima: malaria. Nikaanza mseto. Wenzetu wakaenda kuona magofu ya Kaole, yeye akabaki kwenye benchi akinipepea kwa kofia yake.

Pale ndipo ilinijia Injili ya Marko sura ya 2, yule aliyepooza aliyeshushwa darini na watu wanne. Huwa tunahubiri sana habari za dari, na za imani ya wale wabebaji ambayo Yesu aliiona. Mimi nilimfikiria yule wa kwenye mkeka. Habari nzima hasemi hata neno. Hakuna ombi, hakuna sala ndefu. Lakini alikubali kushikwa miguu na mabega, akubali na vumbi la dari limwangukie usoni. Na Yesu alianza na dhambi zake, ndipo akaja kwenye miguu.

Kwangu pia ilianzia huko. Nilimwambia, “Kaka, nisamehe yale ya uchaguzi.” Akacheka. “Kunywa maji kwanza.” Sikuridhika na kucheka kwake, nikarudia. Safari hii akanyamaza kidogo, akasema, “Iliniuma sana, ila nimekusamehe.”

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kuungama. Kaole bado hatujaiona, wote wawili. Tumeshaanza kuweka nauli, na kopo la akiba liko kwake.