Fundo Lililoteleza Kabla ya Mapambazuko

Katika jimbo la Wisconsin, Marekani, msimu wa kuwinda kulungu kwa upinde hufunguliwa Septemba, na wawindaji wengi huvizia wakiwa juu ya mti, mita tano au sita kutoka ardhini. Hupanda kwa vipande vifupi vya ngazi ya alumini vinavyofungwa kwenye shina kimoja juu ya kingine. Ili kuongeza hatua bila kubeba chuma zaidi, wengine huning'iniza kitanzi cha kamba chini ya kipande na kukifanya kikanyagio.

Mwindaji wa kisa hiki hana jina, kwa kuwa wanaofanana naye ni wengi. Alitaka kamba nyembamba isiyomlemea begani. Akanunua ya nyuzi za Dyneema, ambazo kwa uzito ule ule ni imara kuliko chuma. Akasoma kwenye kifurushi mzigo unaoweza kuikata, akaona ni mara nyingi ya uzito wake, akaridhika. Nyumbani akafunga kitanzi kwa fundo alilozoea kufungia mizigo, akakata ncha iliyobaki ikawa fupi, ipendeze. Siku ya mawindo, giza bado halijatoka, akakanyaga kwa uzito wake wote. Fundo likachomoka. Alivunjika nyonga, na kamba ikabaki mtini nzima, haina hata uzi mmoja uliokatika.

Kosa lake lilikuwa kuamini tarakimu moja. Dyneema ni nyuzi telezi mno. Fundo la kawaida haliishiki, hasa ncha ikiwa fupi. Kamba ya namna hiyo huungwa kwa kupenyeza ncha yake ndani ya msuko wenyewe, kipande kirefu, ili kadiri inavyovutwa ndivyo inavyojibana. Isitoshe, hainyumbuki. Mtu akianguka hata kidogo, mshtuko wote huingia mwilini mwake na kwenye fundo. Tena huyeyuka kwenye joto la nyuzi 150 hivi za Selsiasi, ilhali poliesta huvuka 250, na kamba inayosuguana na kamba hupata moto haraka.

Nailoni hunyumbuka na kumeza mshtuko, ila ikilowa hupoteza sehemu ya nguvu zake. Kwa kikanyagio ningechagua poliesta: haivutiki sana, hushika fundo, hustahimili jua. Iwe nene kidogo, maana kamba nyembamba huumiza wayo na kitanzi chake hujifunga mguu usipate pa kuingia gizani. Msomaji wa Tanga huenda akaitetea katani, nyuzi za mmea ambao Mjerumani Richard Hindorf aliuagiza kutoka Florida mwaka 1893. Katani ni nzuri kwa mizigo. Lakini hunyonya maji na kuoza ndani kabla nje hakujaonesha dalili, kwa hiyo isibebe mwili wa mtu.

Hata kamba nzuri haifai kuachwa mtini mwaka mzima. Jua huidhoofisha, kindi huitafuna, na shina linaponenepa huikaza hadi ikaumia.

Linaloniuma zaidi katika kisa hiki ni kwamba mkanda wa usalama alikuwa nao, umo begini. Alikusudia kuuvaa akishafika juu na kuketi, wakati hatari kubwa imo katika kupanda na kushuka. Kamba ya usalama hufungwa mtini kutoka juu hadi chini, na mkanda huunganishwa nayo kwa fundo la Prusik, lililobuniwa na Mwaustria Karl Prusik mwaka 1931. Fundo hilo husogezwa kwa mkono lakini hubana likivutwa ghafla. Kamba ya kulifungia lazima iwe nyembamba kuliko ile kuu, la sivyo halishiki.

Basi, ndugu mwindaji, jaribu kila kitanzi mchana kweupe, nusu mita kutoka ardhini, ukikirukia kwa uzito wako wote. Na mkanda uuvae na kuufunga mguu ukiwa bado chini.