Ruhusa ya Kupima Damu

Mtoto anabebwa mgongoni kutoka milimani mpaka hospitali ya Masisi. Ana homa, na viganja vyake vimepauka. Mama amwona muuguzi, pengine amwona na mganga, nao aweza kuwauliza neno. Lakini mtu mmoja hamwoni kabisa: yule aliyeinama juu ya hadubini nyuma ya mlango wa maabara. Naye huyo ndiye atakayesema kama mtoto ana malaria, damu yake ni ya kundi gani, na kama damu ya mjomba yafaa kutiwa mwilini mwake. Akikosea kundi, mtoto aweza kufa kwa damu ile ile iliyokusudiwa kumwokoa, na mama atadhani ni homa iliyomwua.

Basi twauliza: Serikali ina haki gani kumzuia mtu anayeijua kazi hiyo, kwa kuwa tu hana karatasi? Na huko Walikale, ambako wajuao ni wachache, je, kudai karatasi si ugumu wa moyo?

Tuanze na sababu ya sheria. Seremala akitengeneza kiti kibovu, kitayumba, nasi tutakirudisha siku hiyo hiyo. Jibu la damu halirudishwi hivyo. Mpimaji wa malaria, kabla ya kuandika kwamba hakuna vijidudu, yampasa kuangalia sehemu 100 za tone lile chini ya hadubini. Mvivu ataangalia sehemu kumi, ataandika neno lile lile, na karatasi zao zitafanana kabisa. Mahali ambapo mgonjwa hawezi kuona, hapana budi mwingine aone kwa niaba yake. Kwa sababu hiyo Kenya iliweka sheria ya wapimaji wa maabara mwaka 1999, na Tanzania mwaka 2007. Kongo ina chama cha sheria cha waganga tangu 1968, na cha wauguzi tangu 2016; wapimaji hutambulikana zaidi kwa diploma zao, A2 ya shule za ufundi wa tiba au A1 ya ISTM. (Diploma yenyewe haiangalii ndani ya hadubini, tunajua. Wako wenye diploma walio wavivu kuliko vijana waliojifunza kwa kushika tu.)

Mtakatifu Tomaso wa Akwino alitoa mfano unaotufaa. Mji umezingirwa na adui, na sheria yaamuru malango yabaki yamefungwa. Lakini walinzi wa mji wanakimbizwa na adui, wamefika langoni. Je, wafungiwe nje? Hapana, asema, wafunguliwe, maana sheria iliwekwa kwa ajili ya usalama wa wote. Hivyo usiku ule mwanamke anapotokwa damu baada ya kuzaa, na njia imekatwa, na aliyeko ni msaidizi asiye na diploma, msaidizi huyo apime. Akikunja mikono kwa kuogopa sheria, atakosa mbele ya Mungu.

Walakini Tomaso aliongeza neno ambalo wengi hulisahau: ruhusa hiyo ni kwa hatari ya ghafula, isiyotoa nafasi ya kuwauliza wakubwa. Lango lililofunguliwa usiku mmoja si lango lililong'olewa.

Hapa ndipo tunaposita. Vita vya Masisi na Walikale vilianza mwaka 1993, huko Ntoto. Hatari iliyodumu zaidi ya miaka thelathini, tuiiteje ya ghafula? Na wakubwa wa kuulizwa wako wapi? Januari 2025 Goma ilipochukuliwa na M23, serikali ya jimbo ilihamia Beni. Mpimaji aliyeko porini angebeba karatasi zake kwa nani?

Twadhani deni linawarudia wakubwa zaidi. Mwaka 2019 Ebola ilipofika hata Pinga, katika Walikale, watu waliofundishwa walipatikana, na mashine za kupimia zilikuwa zimekwisha kuwekwa Beni, Butembo na Goma, kwa sababu dunia nzima iliogopa. Malaria huua watoto bila kumwogofya mtu wa mbali. Anayedai karatasi bila kumtuma mtihani huko aliko amedai matofali bila kutoa majani makavu, kama Farao.

Wala msaidizi hana udhuru wa kujificha. Ikiwa hakuna jicho la serikali juu yake, na aombe jicho lingine. Aandike kila jibu katika daftari pamoja na jina lake. Vioo vya damu avitunze, vipelekwe kwa mwenye ujuzi visomwe mara ya pili, hata vikichelewa mwezi mzima. Kabla ya kutia damu, aichanganye na ya mgonjwa mbele ya muuguzi, waangalie wote wawili. Na asipojua aandike kwamba hajui, hata kama mganga amekasirika na mama analia nje ya mlango.

Kama kijana wa namna hiyo angekuja kutuuliza kama aache kazi, tusingemwambia aache usiku huu. Tungemwuliza ni nani aliyesoma vioo vyake mwezi uliopita.