Fungu la Mwanamke Katika Shamba Alimalo



Aliyepata kukaa vijijini amemwona mwanamke akiondoka alfajiri, jembe begani na mtoto mgongoni. Jioni hurudi na mzigo wa kuni, kisha huteka maji, hutwanga na kupika. Lakini mumewe akifariki, mara nyingi ndugu wa marehemu humwambia: “Shamba hili ni la ukoo.” Basi hubakiwa na jembe bila ya ardhi. Umaskini huu haukuletwa na ukame. Umeletwa na dhuluma.

Nchini Tanzania, Tangazo la Sheria za Mila la mwaka 1963 liliandika kwamba mjane hana fungu katika urithi iwapo mumewe ameacha watu wa ukoo wake. Atatunzwa na watoto wake. Ilipofika mwaka 1990, Mahakama Kuu iliamua, katika kesi iliyotoka mkoani Kagera, kwamba mwanamke aweza kuuza shamba alilorithi kwa babaye sawa na mwanamume. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inamtambua kuwa na haki sawa ya kumiliki ardhi.

Hayo ni mema. Lakini dini yetu ilikwisha kusema zamani. Baada ya vita vya Uhud, mwaka 625, mjane wa Saad bin Rabii alimjia Mtume Mtukufu s.a.w. na binti zake wawili, akalalamika kwamba ami yao ametwaa mali yote. Mtume s.a.w. akamwamuru ami huyo awape mabinti theluthi mbili na mama yao thumni. Kilichobaki kiwe chake.

Wengine husema: “Binti ataolewa, ardhi iende kwa wageni.” Je, Mwenyezi Mungu alipomwekea binti fungu lake hakujua kwamba mabinti huolewa? Na wako Waislamu wanaowaita dada zao mbele ya wazee ili waseme kwamba wamesamehe mafungu yao. Hiari ya mwenye kuogopa kutengwa na nduguze si hiari.

Basi ewe msomaji, usimpe mjane kanga siku ya Idi hali shamba lake limo mikononi mwako. Sadaka haiitakasi mali ya dhuluma. Mrudishie kwanza haki yake. Kisha, ukipenda, mpe zawadi.

Mwenyezi Mungu atuwezeshe kutenda uadilifu. Amin.