Sebule na Selo Chini ya Paa Moja

Je, neema aliyopewa mtu mmoja yaweza kufuta dhulma aliyofanyiwa mwingine? Swali hili lilinikaa moyoni nikiwa Berlin, katika makumbusho ya maisha ya iliyokuwa Ujerumani Mashariki, yaliyofunguliwa mwaka 2006.

Humo mgeni anaruhusiwa kugusa. Unaingia sebule ya ghorofa la wafanyakazi, unakaa kwenye kochi, unafungua makabati. Lipo na gari la Trabant, unashika usukani, watoto wanacheka. Lakini humo humo kuna chumba cha kuhojia watuhumiwa, selo, na vifaa vya kusikilizia mazungumzo ya watu. Waliotoa nyumba ndio waliotega sikio ukutani.

Zanzibar inaijua nchi hiyo. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ilisaidia kujenga nyumba za Kikwajuni na Michenzani, na wataalamu wake wengine wakasaidia kuunda idara ya usalama. Maghorofa kila mgeni anaonyeshwa. Hilo la pili husemwa kwa kunong'ona.

Nasi huku Ilemela tusijifanye watazamaji. Mimi ni katika watoto wa Azimio la Arusha, niliyesoma bila ada, na naushukuru utaratibu ule hadi leo. Lakini mwaka 1983 ilipotangazwa vita dhidi ya wahujumu uchumi, sheria maalumu ilimnyima mtuhumiwa dhamana na wakili. Watu walitupa mali zao usiku kwa hofu. Mjomba wangu, muuza duka wa Kirumba, alichukuliwa kwa ajili ya katoni chache za sabuni, akarudi baada ya miezi, duka likiwa tupu.

Wapo wanaosema nchi ilikuwa imetoka kwenye vita vya Uganda, bidhaa hazipo, na walanguzi wakizificha. Kweli, walanguzi walikuwepo. Kwani mlanguzi hana haki ya kusikilizwa? Na asiye mlanguzi je? Kusoma kwangu bure hakukumlipa mjomba hata kipande kimoja cha sabuni. Haki ya mja husamehewa na mwenyewe aliyedhulumiwa, si na mimi niliyenufaika, wala si na mwanasiasa jukwaani anayesifu enzi zile.

Mjomba alifariki bila kuulizwa. Wazee wenzake wapo bado Kirumba na Pasiansi, na wanakumbuka hata majina ya waliochukuliwa usiku ule.